Kibuyu Kilichojaa Chenyewe

Juzi wajukuu wangu walikuwa uani wanakaanga mpunga mbichi, wanatengeneza pepeta. Mimi nilikuwa nimejilaza ndani, na harufu ikanifikia kabla ya moshi: mpunga ambao bado una maziwa ndani, unapasuka kwenye chungu cha moto, kisha unamwagwa kinuni na kupondwa ungali moto mpaka punje zinalala bapa. Aliyezaliwa bondeni Rufiji anajua harufu hiyo inasema nini. Inasema maji yamerudi mtoni, upepo umegeuka, asubuhi mtu hatoki nje bila kujitanda, na ndege wameshajua kwamba masuke yameanza kuinama. Niliamka nikaenda kuomba changu. Walinipa kiganja kimoja, nikaanza kuhangaika nacho kwa yale meno mawili niliyobakiwa nayo, na kabla sijameza nikajisikia nauliza, "Somoe ameshapewa?" Wajukuu wakatazamana. Somoe tumemzika, hata arobaini yake haijatimia.

Somoe alikuwa mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama. Msibani watu walimsifu mpaka nikachoka. Ati alikuwa na moyo mweupe, ati hakuwahi kumnyima mtu. Nilikaa kwenye mkeka nikaitikia amina kama wengine, lakini ukweli wangu ni huu: nilimwonea wivu Somoe tangu siku alipofika kwetu, sote wawili tukiwa bado tunang'oka meno ya utoto. Na wivu huo ndio ulionifanya niamini, karibu umri wangu wote, kwamba nimemuua baba yake. Nyinyi wa rika langu mtanielewa, nyinyi mliokuwa watoto wakati wa vita vya Maji Maji. Hakuna mtu mzima aliyetukalisha chini akatueleza. Tuliokota maneno yao vipande vipande, tukayashona wenyewe, na tukayavaa hivyo hivyo.

Kwetu kulikuwa bondeni, upande wa Chumbi, mahali ambapo mto ukijaa unakuja wenyewe mpaka shambani, na ukitaka moto kwa jirani unapanda mtumbwi. Masika yote tulihamia shambani, tukakaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini na viboko wasikukute umelala. Masika ilipoisha maji yalishuka polepole, siku moja kidole, siku ya pili kidole, yakatuachia tope jeusi lenye harufu ya samaki na majani yaliyooza. Kisha kusi ikaanza kuvuma. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mpunga hadi jua linapanda, na sisi watoto tulipiga miayo tukaona pumzi zetu. Huo ndio ulikuwa wakati wa kazi. Mama alikarabati kihenge cha kuwekea mpunga na kuanika ukindu wa mikeka. Baba alikaza nguzo zilizolegezwa na maji. Watoto kazi yetu ilikuwa moja, kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu kunapambazuka hadi wanaporudi kulala kwenye matete.

Mwaka ule Baba alinijengea dungu langu mwenyewe. Sikuwa nimeomba. Alinisimamisha, akaweka kiganja kwenye goti langu, akapima, halafu akakata vijiti vya ngazi kwa kipimo hicho, ili nipande bila kusaidiwa. Kutoka kwenye dungu alitandaza kamba hadi pembe za shamba, na kwenye kamba akatundika vifuu vya nazi. Nikivuta, shamba zima lilikuwa linagonga na ndege wanaruka kwa pamoja. Nililipenda dungu lile kuliko nguo yangu ya Idi. Nilikuwa mtoto wa pekee wa mama yangu, wenzangu wawili walikuwa wamekufa wadogo, na sikuwa nimewahi kugawana kitu na mtu.

Mjomba alifika siku ya tano baada ya dungu langu kusimama. Alikuja asubuhi, amevuka maji ya kiunoni, na mabegani amembeba msichana mwembamba mwenye macho makubwa, ameshika nywele za baba yake kwa mikono yote miwili. Walitoka kwao Umatumbi, kwenye milima ya kusini, lakini hawakuja moja kwa moja. Walikuwa wamepitia kwa mganga. Msimu ule watu wengi walipita njia hiyo, makundi kwa makundi, wengine wakiimba, na kila aliyerudi alikuwa na kipande cha mwanzi chenye maji ya dawa shingoni. Mjomba naye alikuwa nacho. Mama alimpokea kwa kilio cha furaha na maneno ya kwao, Kimatumbi, ambayo mimi nilikuwa nasikia moja naacha kumi.

Walipokwisha kula, Baba alimwuliza, "Shemeji, hayo maji mnayafuata mbali kote huko, ya nini?"

"Dawa ya shamba, shemeji," Mjomba alijibu. "Ukiyanyunyiza, nguruwe hagusi, ndege hatui."

"Ya shamba tu?"

Mjomba alitutupia jicho sisi watoto. "Wanaume wa kwetu wanashinda kwenye pamba ya akida, viboko mgongoni. Mpunga wetu unaliwa na ndege kwa sababu hakuna wa kuwafukuza. Sasa shemeji, ndege gani nianze nao?"

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na bunduki zao je, kaka?"

"Risasi inageuka maji," Mjomba akasema. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kisimani.

Baba hakubisha. Alisema tu kwamba yeye ana mpunga shambani, na mke, na mtoto mmoja. Nilimwona Mjomba akitikisa kichwa taratibu, bila hasira. Ndipo akamwita Somoe. Alitoa mkobani kibuyu kidogo, kiasi cha ngumi ya mtoto, kimezibwa kwa gunzi la hindi na kufungwa kamba, akakitia mikononi mwake.

"Utakaa hapa na shangazi yako," akamwambia. "Haya maji na yale niliyonyweshwa mie yametoka chungu kimoja. Yatunze. Yakiwa salama na mie n'ko salama. Nikirudi nikukute nayo."

Somoe alikuwa ameanza kulia; alikishika kile kibuyu asilie tena. Leo najua kwamba ndiyo sababu ya kumpa, ili asilie. Siku ile nililisikia neno kama lilivyotamkwa, na Somoe vilevile, na hakuna mkubwa aliyekumbuka kutusahihisha. Mjomba akavuka maji akaenda zake, mkono mmoja juu, hakugeuka nyuma.

Kesho yake Mama akaniambia, "Mwachie mwenzio lile dungu lako. Yeye hajui kupanda ngazi ndefu, kwao hakuna madungu. Wewe utaamia kwenye lile la zamani."

"Baba amenijengea mie!"

"Na nani aliyekuzaa kama si mie? Nenda."

Dungu la zamani lilikuwa pembeni kabisa, karibu na matete, limeinama upande mmoja, na ngazi yake imekatika kijiti cha tatu. Huko ndiko nilikopelekwa. Kutoka kule nilikuwa namwona Somoe amekaa juu ya dungu langu, miguu inaning'inia, anavuta kamba zangu, na vifuu vyangu vinamwitikia. Kibuyu chake alikitundika kwenye nguzo ya mbele. Siku ya kwanza sikugusa chakula.

Kama ingekuwa dungu peke yake huenda ningezoea. Lakini kulikuwa na ukoko. Kwetu ukoko wa wali ulikuwa wangu tangu nilipoota meno, Mama alikuwa akiukwangua chunguni na kuninyooshea bila hata kutazama, kwa sababu mkono wake ulikuwa unajua nimekaa wapi. Siku ya pili ya Somoe mkono ule ukaenda upande mwingine. "Mgeni kwanza," Mama akasema. Somoe aliutazama ukoko, akanitazama, akaukata katikati na kunipa nusu. Nilikataa. Sikutaka nusu ya kitu changu kutoka mkononi mwa mtu. Nilinuna, Mama akanifinya, Somoe akala vipande vyote viwili ameinamisha kichwa. Tangu hapo kila siku alikuwa anaukata na kuninyooshea nusu. Nilidhani ananikejeli.

Na kulikuwa na Kimatumbi. Hili liliniuma zaidi ya yote. Jioni Mama alikuwa anamsuka Somoe nywele, na wakati wa kusuka walizungumza kwa lugha yao, Mama anacheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kumchekesha. Kwangu alikuwa Mama, mwenye mikono migumu na maneno mafupi. Kwa Somoe alikuwa msichana wa milimani, anauliza habari za visima na watu nisiowajua. Nilikaa karibu, nikajaribu kucheka pale walipocheka. Mama akaniuliza, "Wewe unacheka nini?" Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wananicheka mimi.

Halafu ndege. Kila asubuhi walikuwa wanatoka kwenye matete wamejaa, na shamba la kwanza waliloliona lilikuwa langu. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nilirusha madongo kwa kombeo, bega likavimba. Jioni Mama alipita akikagua, na upande wangu masuke yalikuwa yamebaki makapi matupu, upande wa Somoe yamejaa, yameinama kwa uzito. "Mtazame mwenzio," alisema. "Hata mwezi hajamaliza bondeni." Sasa hivi, kwa akili za uzee, naona wazi kwamba upande wangu ulipakana na matete wanamolala ndege, na kwamba ndege mwenye njaa hapiti juu ya sahani iliyo mlangoni pake akatafute ya mbali. Wakati ule niliona kitu kimoja tu, kibuyu kilichotundikwa kwenye nguzo. Mjomba alikuwa amesema mwenyewe: ukiyanyunyiza, ndege hatui.

Siku moja Somoe aliamka na homa. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na Mama alimfunika kaniki yake mwenyewe, ile mpya, ambayo mimi nilikatazwa hata kuishika. Alimlaza kwenye dungu kubwa tunapolala, akampikia uji, akaniambia niende nikaamie pande zote mbili peke yangu. Niliondoka naumwa na mimi, lakini ugonjwa wangu haukuwa na uji.

Nilipanda dungu langu. Vijiti vya ngazi vilikaa sawasawa chini ya nyayo zangu, na hilo likanizidishia hasira. Kibuyu kilikuwepo pale pale. Nakumbuka kwamba nilisita, sitasema uongo hapa. Nakumbuka nilifikiri: kama maji na Mjomba ni kitu kimoja, nikichukua kidogo Mjomba ataumwa kidogo, kichwa labda, na kichwa kinapona. Nilichomoa gunzi. Nilishuka, nikakimbia hadi upande wangu, nikatumbukiza vidole na kunyunyiza kama nilivyoona wakubwa wakifanya kwenye kaburi jipya. Tone hapa, tone pale. Shamba lilikuwa kubwa na kibuyu kilikuwa kidogo. Nilipofika kwenye matete nilitikisa, hakikutoka kitu. Nilikirudisha kwenye nguzo, nikachomeka gunzi kwa haraka, na mikono yangu ilikuwa inanuka majani na mafuta ya mbarika.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya Mama. Nilisimama kwenye ile ngazi mbovu nikangoja muujiza wangu. Jua likatoka, ukungu ukapasuka, na ndege wakaja. Walikuja wengi kuliko siku zote, wakashuka juu ya mpunga wangu, pale pale nilipomwaga dawa. Nililia kwa hasira hadi nikasahau kuwafukuza.

Baada ya siku mbili Somoe alipona na kurudi kazini. Mimi sikupumua. Nilikuwa nangoja apige kelele, aje Mama, ije fimbo. Hakukuwa na kelele. Mchana ule alipokwenda kunywa maji nilipanda kwa kunyata nikakishika kibuyu. Kilikuwa kizito. Nilichomoa gunzi, maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni.

Jamani, nilikaa chini. Kilikuwa kimejaa chenyewe! Kwa akili yangu ya mtoto jambo lilikuwa wazi kabisa: ile dawa ilikuwa kali hivi kwamba ukiimwaga inarudi kwa mwenyewe, na ndiyo maana haikunisaidia, haikuwa yangu, ilikuwa ya Somoe kama mama yangu alivyokuwa wa Somoe sasa. Nilipata ahueni na wivu kwa wakati mmoja. Mjomba yu salama, sikumfanya kitu. Lakini hata maji yalimpenda yeye.

Tulivuna. Mpunga wangu ulijaza nyungo kadhaa, wa upande wa Somoe ulipanda kihenge nusu. Kusi ikazidi, tope likakauka na kupasuka, na pamba ikaanza kufunguka. Ndipo tukaanza kuuona moshi kule milimani, kutwa, siku baada ya siku. Mama alikuwa anasimama na ungo mkononi akiutazama, mpunga hapepeti. Wapita njia walisema pamba ya akida imeng'olewa. Halafu wakasema askari wanashuka. Mara mbili tulikimbilia kwenye matete, Mama ametushika mmoja huku mmoja huku, na hata pale, kwenye tope, niliangalia ni mkono upi umebana zaidi.

Habari ililetwa na mtu wa kwao Mama, mwanamume mwenye kidonda begani. Alikuja mchana, akakaa chini ya dungu, akaomba maji. Alikunywa kwanza. Kisha akasema walikwenda wengi, wakasonga mbele bila kujificha, maana waliambiwa wasiogope, na Mjomba alikuwa mbele. Risasi ilimpata kifuani. Haikugeuka kitu. Mama alipiga yowe lililowarusha ndege waliokuwa mbali.

Somoe hakulia. Alikwenda akakitwaa kibuyu, akashuka hadi ukingo wa mto, akachomoa gunzi na kuyamwaga yale maji yote mtoni, kisha akakirusha kibuyu chenyewe, kikaelea kikaenda. Mama alimfuata akamkumbatia, wakaanguka chini pamoja, wanaliana kwa lugha yao. Nilisimama peke yangu. Nilimwonea wivu hata msiba. Niliona kwamba kama ningefiwa mimi, ningekumbatiwa hivyo. Na baada ya wazo hilo ndipo likaja lile lingine, na halikuniachia tena: maji hayakuwa yamerudi. Yaliyorudi kibuyuni yalikuwa kitu kingine, sikujua nini, lakini yale ya Mjomba yalikuwa yameingia ardhini kwenye mpunga wangu. Mimi ndiye niliyeyamwaga, na yeye akaenda mbele ya bunduki akiamini yapo.

Sikusema. Njaa iliyofuata vile vita mnaijua, sina haja ya kuieleza. Tulichimba ming'oko porini, Mama akatugawia sawasawa, na mimi nilikuwa nasubiri ageuke ili nimsukumie Somoe sehemu yangu. Mama aliona siku moja akasema nimekuwa na roho nzuri. Kweli nilitamani kusifiwa, lakini sifa ile niliimeza kama dawa chungu. Tulikua, tukaolewa, yeye Ikwiriri, mimi huku Kibiti. Kila nilipopika nilimwekea ukoko, na siku za kutembeleana niliubeba kwenye jani la mgomba. Naye kila mara aliukata katikati, akanirudishia nusu. Uzee wote huu, nusu yake, nusu yangu! Nilimpa kwa hofu, na aliponirudishia nikasikia gere, nikisema moyoni, mtazame, hakosi kujionyesha kwamba ananishinda wema.

Mwishoni mwa masika hii aliugua. Wanawe wako mbali, nikamleta kwangu. Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa nimemkalia kitandani na kibakuli, nimeuloweka ukoko kwenye mchuzi wa nazi ili ulainike. Akakisukuma kando.

"Dada," akasema. Tumepishana miezi tu lakini siku zote aliniita dada. "N'na neno la zamani. Kile kibuyu cha baba, wakikumbuka?"

Nilidhani siku yangu imefika.

"Ile siku ya homa nilikiacha dunguni," akaendelea. "Niliporudi nikakikuta kikavu. Gunzi lilikuwa upande. Sikuwa nimelikaza, dada. Nikaogopa, nikashuka mtoni nikakijaza, nikakitundika, nikanyamaza. Baba akaenda vitani, mie huku nalinda maji ya mto." Alipumua. "Shangazi alinilea, akanilisha, akanisuka, na mie ndiye niliyemuua kaka yake. Sikuweza kumwambia mpaka akafa. Wewe ndiye mwanawe. Niwie radhi."

Basi ule wema wote ulikuwa huo. Nusu zote zile za ukoko, tangu siku ya kibuyu. Alikuwa ananilipa mimi, na mimi nilikuwa namlipa yeye.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa wivu. Nilitaka kumwambia hilo kosa si lake, ni langu, asilikalie kama alivyolikalia dungu langu. Na kitu cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Niliona kwamba naweza kunyamaza. Ningemshika mkono, nikamwambia nimekuwia radhi, naye angekufa akijua kwamba baina yetu wawili mwenye moyo mweupe ni mimi. Kwa mara ya kwanza ningekuwa mimi. Nililionja wazo hilo, na lilikuwa tamu. Kisha nikauona mkono wake umeshika pindo la khanga yangu, kwa vidole vyote, kama alivyoshika nywele za baba yake siku ile wanavuka.

"Gunzi ulilikaza," nikamwambia. "Niliyamwaga mie."

Nikaendelea kabla hajauliza.

"Niliyanyunyiza kwenye mpunga wangu. Nilitaka ndege wakuhamie wewe. Nilikuwa nakuonea wivu, Somoe. Bado nakuonea."

Kuku aliingia, akazunguka, akatoka. Nilingoja anitemee mate, na ningeyapangusa bila neno. Mwishowe akaniuliza, "Wakakoma?"

"Nani?"

"Ndege. Ulipoyanyunyiza. Walikoma kuja upande wako?"

"Hawakukoma. Kesho yake walikuja wengi kuliko jana."

"Na hayo uliyonyunyiza yalikuwa yale yenyewe ya baba? Si yangu ya mtoni?"

"Yale yenyewe. Yalinuka mbarika."

Somoe alinitazama na yale macho yake makubwa. "Basi yalikuwa maji tu, dada," akasema. "Masikini baba yangu. Alikwenda na maji tu."

Ndipo akalia, kilio kile ambacho hakukilia ukingoni mwa mto, na mimi nikamkumbatia kama Mama alivyomkumbatia. Tulikaa hivyo hadi kifua kikamtulia. Nilikuwa na jibu lile tangu asubuhi ile kwenye ngazi mbovu. Nililiona kwa macho yangu, ndege wanakula juu ya dawa, nikalia, na nisilielewe. Yeye ambaye hakuona chochote alihitaji swali moja.

"Hata hili umeniwahi," nikamwambia, na nilisema kwa uchungu wa kweli.

Somoe akacheka hadi akakohoa. Halafu akanyoosha mkono, akakivuta kibakuli, akala ukoko wote taratibu, kipande kwa kipande. Hakukata nusu. Hakuniachia hata punje.